Siku za Mwezi na Hesabu ya Mimba

Somo tunalolileta safari hii ni la nyumbani, nalo si jepesi kunenwa mbele ya watu. Tangu zamani mambo haya yaliwekwa mikononi mwa bibi na shangazi na makungwi. Wao ndio waliomfundisha mwali faraghani, wala mwanamume hakuambiwa neno ila lile alilolisikia kwa vijana wenzake. Desturi hiyo hatuidharau, maana ilikuwa na heshima yake. Lakini hasara ya kutojua haikai faraghani. Huonekana hadharani, pale mume anapomfukuza mkewe kwa sababu ya hesabu ya wiki mbili, pale mama anapochukua mimba ya pili naye mtoto wa kwanza hajaota meno, na pale mke asiyezaa anaposemwa na mawifi zake miaka mingi bila mtu kuuliza habari za mume. Kwa ajili ya hao twaandika waziwazi, nasi twawaomba mume na mke walisome somo hili pamoja.

Jambo lote limo katika maneno machache: yai hutangulia, damu hufuata. Mtu akiyashika maneno haya, mengi katika mengine atayapata mwenyewe kwa kufikiri; asipoyashika, hata akihesabu siku kwa uangalifu mkubwa, atapotea. Basi na tuyaeleze.

Kushoto na kulia kwa mji wa mimba mwanamke ana vifuko viwili vyenye mayai, ambavyo madaktari huviita ovari. Katika kila mzunguko, yaani tangu damu moja ianze hata ianze nyingine, yai moja hukomaa, mara chache mawili, nalo hutoka na kuingia katika mrija uendao kwenye mji wa mimba. Ni dogo kuliko chembe ya mchanga, na umri wake ni mfupi: saa 12 hadi 24, kisha hufa. Wakati uo huo mji wa mimba umekwisha kujitandika kwa ndani, kama mtu atandikavyo kitanda kumngojea mgeni. Pale lilipotoka yai hubaki kitu kidogo chenye rangi ya manjano, nacho hutoa homoni inayoulinda utandiko ule usianguke. Ulinzi huo hudumu kama siku 14, pengine hupungua au kuzidi kidogo. Kama mbegu ya mume haikukutana na yai, kile cha manjano hunyauka, utandiko hukosa mlinzi, nao hubomoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Kwa hiyo damu ile ni habari ya yai lililokwisha kupita majuma mawili nyuma. Juu ya yai lijalo haisemi neno.

Tena yatupasa kujua habari za mbegu ya mume. Siku nyingi za mzunguko mlango wa mji wa mimba umezibwa na ute mzito, na mbegu zikiingia hazikai. Lakini siku za yai zinapokaribia, ute huo hugeuka kuwa mwepesi, wa kuteleza na kuvutika kama ute wa yai la kuku, na ndani yake mbegu zaweza kuishi hata siku 5 zikingoja. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wafikiri mimba huingia siku ile ile walipolala pamoja, kumbe mbegu ya Jumatatu yaweza kukutana na yai la Ijumaa.

Mambo haya hayakukisiwa tu. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani, Allen Wilcox na wenzake, walitangaza habari za wanawake 221 wa North Carolina waliotaka kupata watoto. Wanawake hao waliweka mkojo wao kila siku ili upimwe, wakaandika na siku walizolala na waume zao. Ikaonekana kwamba mimba ziliingia katika siku 6 tu: siku 5 zinazotangulia yai, na siku yenyewe ya yai. Aliyelala na mumewe siku 5 kabla ya yai alikuwa na nafasi kama 1 katika 10 ya kushika mimba. Aliyelala naye siku ya yai, kama 1 katika 3. Siku hiyo ikiisha kupita, mlango ulifungwa.

Mtu asiwacheke wasiojua, kwa kuwa wenye elimu wenyewe walipotea karibu miaka mia. Mwaka 1827 Karl Ernst von Baer, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Königsberg, aliliona yai la mnyama anyonyeshaye kwa mara ya kwanza, nalo lilikuwa yai la mbwa. Baada yake wataalamu wa Ulaya wakafikiri hivi: mbwa jike hutoka damu wakati anapotaka dume, basi na mwanamke vivyo hivyo, yai lake hutoka karibu na damu yake. Wakafundisha kwamba siku zilizo karibu na hedhi ndizo za kushika mimba, na siku za katikati ndizo za salama. Walipindua jambo juu chini! Damu ya mbwa hutangulia yai, ya mwanamke hufuata baada yake. Hizo ni damu mbili zisizofanana. Wasomaji wetu wafikiri ni wanawake wangapi waliofuata shauri la tabibu wao kwa uaminifu, wakalala na waume zao katika siku zile zile walizopaswa kuziepuka.

Makosa hayo yalisahihishwa na watu wawili ambao hawakujuana. Mmoja alikuwa Kyusaku Ogino, daktari wa wanawake katika mji wa Niigata huko Japani. Alipokuwa akipasua wagonjwa wake kwa sababu ya magonjwa mengine, aliangalia ovari zao aone kama yai limekwisha kutoka au bado, kisha akaziandika tarehe za damu zao. Wengine kabla yake walihesabu kwenda mbele tangu damu iliyopita, na hesabu zao hazikupatana. Ogino aliigeuza: akangoja damu inayofuata ije, akahesabu kurudi nyuma. Mara tarehe zikapatana. Yai, alisema, hutoka kati ya siku ya 12 na ya 16 kabla ya damu ijayo. Aliyatangaza hayo kwa Kijapani mwaka 1924, na kwa Kijerumani mwaka 1930. Wa pili alikuwa Hermann Knaus wa Graz, katika Austria, ambaye kwa njia yake nyingine alifika karibu mahali pale pale kabla ya miaka ile ya 1920 kwisha. Watu wengi waliishika hesabu yao ili kuzuia mimba, lakini Ogino mwenyewe hakupenda itumiwe hivyo, kwa kuwa aliona haitegemeki kwa kazi hiyo. Twaona alikuwa na haki.

Na tujaribu hesabu kwa mfano. Tuseme wanawake watatu wa mtaa mmoja wameanza kuona damu siku moja, tarehe 1 Machi. Wa kwanza mzunguko wake ni siku 28. Damu yake ijayo itaanza tarehe 29 Machi. Turudi nyuma siku 14, twafika tarehe 15, basi siku zake za kushika mimba ni kama tangu tarehe 10 hadi 15. Wa pili mzunguko wake ni siku 35. Damu yake itakuja tarehe 5 Aprili, yai lake ni la tarehe 22 Machi, na siku zake ni 17 hadi 22. Yule wa kwanza amekwisha kufunga mlango, huyu ndiyo kwanza anaufungua. Wa tatu mzunguko wake ni mfupi, siku 22. Damu yake itarudi tarehe 23 Machi, yai lake ni la tarehe 9, na siku zake zaanza tarehe 4. Huyu, ikiwa damu yake hukaa siku 5, aweza kupokea mbegu akingali katika hedhi, nayo ikamngojea yai. Naye ndiye aliyeambiwa na shoga yake kwamba siku za damu hazina hatari!

Lugha yetu yenyewe imesaidia kuwapoteza watu hapa. Twasema mwanamke yuko mwezini, twasema ameona mwezi wake, tukadhani kwamba wanawake wote wana mwezi mmoja kama ule wa mbinguni. Sivyo. Wengi wana mizunguko ya siku 21 hadi 35, na mwanamke yule yule mzunguko wake wa Januari waweza kupitana na wa Februari kwa siku kadhaa, ikiwa alipata homa, au alifiwa, au alisafiri, au alikonda kwa njaa. Mwaka 2000 Wilcox na wenzake walionyesha kwamba wanawake kama 30 tu katika 100 ndio ambao siku zao 6 zilianguka zote kati ya siku ya 10 na ya 17 ya mzunguko, kama vitabu vya utabibu vilivyofundisha. Tena katika kila siku, kuanzia ya 6 hadi ya 21, wanawake angalau 10 katika 100 walikuwa ndani ya siku zao za kushika mimba.

Msomaji mwenye akili ataona ugumu uliopo. Kama yai huhesabiwa kutoka kwa damu ijayo, nayo damu ijayo haijaja, mtu atahesabuje? Hakika hawezi. Aweza kukisia tu kwa kuziangalia damu zilizopita. Hii ndiyo sababu hesabu ya kalenda huwaangusha wengi, wala si kwa uzembe wao. Na kwa msichana ambaye mzunguko wake katika miaka ya kwanza haujatulia, hesabu hiyo haimfai hata kidogo. Hata kabla hajaiona damu yake ya kwanza yaweza kutokea akashika mimba, maana hapo pia yai laweza kutangulia. Wazazi wanaongoja damu ndipo waanze kumfundisha binti yao wamechelewa.

Sasa twafika kwenye neno ambalo kwa sababu yake hasa tumeliandika somo hili, yaani wiki za kliniki.

Tuseme mtu mmoja amekuwa kazini mbali tangu mwaka uliopita, naye akarudi nyumbani tarehe 10 Machi. Mkewe aliona damu yake ya mwisho tarehe 24 Februari. Yai lake likatoka siku 14 baadaye, ndiyo tarehe 10 Machi, siku ya furaha ya nyumba ile. Tarehe 5 Mei mke akaenda kliniki, akaulizwa, akapimwa, na katika kadi yake ikaandikwa: mimba ya wiki 10. Jioni mume akaichukua kadi akaisoma. Akahesabu kwa vidole tangu tarehe 10 Machi, akapata wiki 8. Akahesabu tena, akapata zile zile 8. Akauliza: wiki hizi mbili ni za nani? Mke hana jibu, kwa maana yeye mwenyewe hajui kwa nini kadi imesema hivyo. Ajua tu kwamba hakutoka nje ya ndoa yake. Na kutokujua kwake kukahesabiwa kuwa kukiri.

Wasomaji wetu, mke huyu hana kosa, na kadi pia haina kosa. Kliniki haihesabu tangu siku mimba ilipoingia. Huhesabu tangu siku ya kwanza ya damu ya mwisho, siku ambayo mimba haikuwapo kabisa. Sababu yake ni nyepesi: siku ya damu mwanamke huikumbuka, lakini siku ya yai hakuna aionaye. Hesabu hii ilienezwa kwa jina la Franz Karl Naegele, tabibu wa Heidelberg aliyekufa mwaka 1851, nayo hutumiwa duniani kote hata leo. Kanuni yake ni kuichukua siku ya kwanza ya damu ya mwisho, kuongeza miezi 9 na siku 7. Kwa mke wa mfano wetu: 24 Februari na miezi 9 ni 24 Novemba, na siku 7 ni tarehe 1 Desemba. Hapo zitatimia siku 280, yaani wiki 40. Lakini mtoto mwenyewe atakuwa amekaa tumboni wiki 38 tu. Zile mbili za kwanza ni za kitandiko, wala si za mtoto.

Kwa hiyo mume anayetaka kulinganisha siku yake ya kurudi na kadi ya kliniki hana budi kuondoa wiki 2 kwanza. Ikiwa mzunguko wa mkewe ni mrefu, kama wa siku 35, na kadi imeandikwa kwa kufuata tarehe ya damu, aondoe 3. Hata kipimo cha ultrasaundi, ambacho watu hukiamini kwa kuwa kinaonyesha picha, hutoa jibu kwa hesabu iyo hiyo. Mashine humpima mtoto urefu, kisha huandika wiki pamoja na zile mbili za mwanzo. Tumesikia watu wakisema kwamba picha haiwezi kusema uongo. Ni kweli haisemi uongo, lakini mwenye kuisoma yampasa ajue lugha yake. Kipimo hicho kikifanywa katika miezi mitatu ya kwanza chaweza kupitana na ukweli kwa siku 5 hadi 7. Kikifanywa mwishoni mwa mimba, huweza kupitana kwa majuma.

Kuna na fitina ya kuzaliwa. Mtoto huhesabiwa kuwa ametimia tangu wiki ya 37 ya kliniki. Kwa mke yule yule, wiki ya 37 hutimia tarehe 10 Novemba. Mume alirudi tarehe 10 Machi. Hapo ni miezi 8 kamili. Akizaliwa siku hiyo, mtoto atakuwa mnene, mwenye kucha na nywele, akilia kwa nguvu, na majirani watasema huyu si wa miezi minane. Watasema kweli kwa macho yao, nao watamwua mama kwa ndimi zao bure, kwa kuwa mtoto wa miezi minane tangu mimba ilipoingia aweza kuwa ametimia kabisa. Ni watoto wachache tu wanaozaliwa katika tarehe iliyoandikwa. Wengine huitangulia, wengine huichelewesha, hata wiki ya 42.

Hatusemi kwamba kila shaka ya mume ni ya bure. Ikiwa tofauti ni ya miezi, somo hili halitaiondoa. Twasema tu kwamba wiki 2 au 3 si ushahidi wa jambo lo lote. Tena wako wanawake ambao hutokwa na damu kidogo mwanzoni mwa mimba, wakaidhani kuwa ni hedhi, na kwa hao kadi yaweza kuonyesha mimba changa kuliko ilivyo. Wazee wanaoletewa mashauri ya namna hii wangefanya vema kuuliza kwanza: mwanzo wa hesabu hii ni siku ipi? Tena mkunga aitwe aieleze kadi mbele ya mume na mke wote wawili. Ni kazi ya robo saa.

Na sasa tuseme habari za mama anyonyeshaye, kwa kuwa hapo pia ile kanuni yetu ya kwanza husahauliwa. Wengi husema: sijaona damu tangu nijifungue, basi siwezi kushika mimba. Lakini tumekwisha kusema yai hutangulia. Mama aweza kutoa yai, akashika mimba, asiione damu kabisa kati ya mtoto mmoja na mwingine. Kwa asiyenyonyesha, yai laweza kutoka hata kabla ya wiki ya 6 tangu kujifungua.

Hata hivyo wazee wetu hawakukosea waliposema kunyonyesha humzuia mtoto mwingine asije upesi. Wataalamu walikutana Bellagio huko Italia mwaka 1988, wakakubali kwamba kunyonyesha humkinga mama kwa zaidi ya 98 katika 100, lakini kwa masharti matatu yakiwa yote pamoja: damu yake haijarudi, mtoto hapewi kitu kingine ila ziwa, mchana na usiku, na umri wa mtoto haujapita miezi 6. Sharti moja likivunjika, kinga imevunjika. Uji wa kwanza ukianza, au mama akirudi kazini na mtoto akakaa na bibi yake kutwa akinywa maziwa ya ng'ombe, ni wakati wa kwenda zahanati kuuliza njia nyingine. Shirika la Afya Duniani hushauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kuzaa, ndipo atafute mimba nyingine, kwa ajili ya afya yake na ya mtoto.

Wenye kutaka kuzifuata siku wasikate tamaa, lakini wafundishwe vizuri. Iko njia ya shanga, iliyotungwa katika chuo kikuu cha Georgetown, Marekani. Ni kamba yenye shanga 32 na kipete cha mpira cha kusogezwa ushanga mmoja kila siku. Nyekundu ni siku ya kwanza ya damu, na nyeupe ni siku ya 8 hadi ya 19, ambazo wasiotaka mimba hujiepusha. Yafaa kwa mwanamke ambaye mzunguko wake haupungui siku 26 wala hauzidi 32, wala haimfai mwingine. Ilijaribiwa katika Bolivia, Peru na Ufilipino, na habari zake zikatolewa mwaka 2002: waliofuata sawasawa, chini ya 5 katika 100 walishika mimba kwa mwaka, wakihesabiwa na waliozikosea siku, walikuwa 12. Wengine huangalia ute, wengine hupima joto la mwili kila asubuhi kabla ya kuondoka kitandani, kwa kuwa joto hupanda kidogo yai likiisha kutoka. Njia hizi zote zataka mume akubali. Mke peke yake hawezi kuzishika, na mume anayekuja na pombe kichwani hazijui shanga. Tena mama ambaye mimba yaweza kumwua, kwa ugonjwa wa moyo au kwa kupasuliwa mara nyingi, asitegemee hesabu ya siku. Aende hospitali apewe njia iliyo imara zaidi. Wala siku za salama hazimkingi mtu ye yote na UKIMWI au magonjwa mengine ya zinaa.

Limebaki neno kwa wale wanaongoja mtoto na hawajampata. Kwao hesabu hii ni msaada zaidi kuliko kwa wengine. Wako mume na mke waliokwisha kungoja miaka, kumbe mume huja nyumbani mwisho wa mwezi kwa siku mbili, na siku zile mbili haziangukii kamwe katika zile 6 za mkewe. Hao hawana ugonjwa. Na wafanye hesabu kama tulivyoonyesha, mume aombe ruhusa yake kwa kufuata siku za mke wala si siku ya mshahara. Wanaokaa pamoja hawana haja ya kuhesabu sana. Wakikutana kila baada ya siku 2 au 3 katika mzunguko wote, yai halitawapita. Wasiogope mwezi wa kwanza ukipita bure, maana hata kwa walio wazima nafasi ya mzunguko mmoja ni kama 1 katika 4 au 5. Katika mwaka mmoja zaidi ya 80 katika 100 hufanikiwa.

Mwaka ukipita bila mimba, au miezi 6 ikiwa mke ametimiza miaka 35, waende hospitali, nao waende wawili. Mara nyingi kizuizi kiko kwa mume, au kiko kwa wote wawili, naye mume aweza kuwa na nguvu zake zote za kiume na mbegu zake zikawa chache au hazina mwendo. Tungependa mume ndiye apimwe kwanza. Kipimo chake hakina kisu wala maumivu: huiweka mbegu katika chupa safi, nayo huangaliwa kwa darubini kabla ya saa moja kupita.